Futi Arobaini

Kazi yangu ni kamba na daftari.
Kila Jumatano, kabla jua halijakanyaga mchanga wa Shela,
nateremsha kamba yenye mafundo katika visima kumi na kimoja,
nasikiliza timazi ikigusa maji,
naandika: mita tatu na robo. Mita tatu na nusu.
Halafu naonja.
Walinipa kipimo cha chumvi chenye taa ya kijani,
betri ikaisha mwezi wa Rajabu.
Ulimi haujaisha.

Wageni hudhani vilima vile ni vya kupigia picha.
Ni birika.
Mvua hunywea humo punje kwa punje,
hushuka bila haraka, miaka,
hata ikutane na bahari chini ya miguu yetu,
na hapo haipigani nayo. Hulala juu yake,
maji matamu mepesi juu ya maji mazito ya chumvi,
kama mtoto aliyepitiwa na usingizi
kifuani pa mama wa kambo
asiyempenda, ila hajamwamsha.

Hesabu yake niliichora kwa mkaa ukutani, darasa la sita:
futi moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari
hukandamiza chumvi futi arobaini chini.
Iteke ile moja ukaimalize,
chumvi itapanda arobaini kuja kukaa mahali pake.
Moja kwa arobaini.
Hakuna mkopeshaji mjini Amu mwenye riba ya namna hii.

Famau alisimamisha punda wake mbele yangu,
punda sita, magunia kumi na mawili,
mchanga wa kujengea ghorofa tatu na bwawa la kuogelea.
"Binti Bwanaheri," akasema, "mtanga ni mtanga tu.
Mngu ameutupa kila mahali."
Sikumjibu. Ana watoto saba.
Na ukuta wa chumba ninacholala
ulipigwa lipu kwa mchanga wa kilima cha kwanza,
ambacho sasa hakipo.

Vuli zikatupita mara mbili.
Kisha bamvua ya mwezi mpevu, upepo ukiisukuma mgongoni,
bahari ikaingia pale kilima kilipokuwa kikisimama.
Haikuua mtu. Redio haikusema kitu.
Ililala usiku mmoja uani kwa Bi Mwanakheri,
ikaondoka alfajiri na kuku watatu,
na kile ilichokiacha kilikuwa kimekwisha shuka.

Siku ya nne akamtuma mjukuu: njoo uonje.
Kisima nambari saba, alichokichimba babu wa babu yake.
Akanimiminia chai.
Tangawizi, iliki, sukari vijiko vitatu,
na chini ya vyote hivyo
chumvi,
imetulia kama mwenye nyumba.
"Ni mimi," akauliza, "au ni mayi?"
Siku tatu alidhani uzee umemharibia ulimi.
Maafa yakija polepole ndivyo yalivyo:
mtu huanza kujishuku mwenyewe.

Wa kaunti walikuja wakaandika: janga la asili.
Nilitaka kuwauliza, asili yake ipi?
Mwezi ulivuta kama ulivyovuta siku zote.
Maji yalipanda kama yapandavyo.
Aliyekosekana zamu usiku ule ni kilima.
Siku za mwizi, wanasema, ni arobaini.
Zetu zimehesabiwa kwa futi.

Siku hizi punda wa Famau hubeba madumu,
maji ya kununua, shilingi hamsini dumu.
Njia ni ile ile, hata mavi ya punda ni pale pale.
Jumatano iliyopita alinikuta kisima cha tisa,
akaishika kamba bila kuambiwa.
Mita tatu na robo.
Akateka, akaonja yeye.
Alikaa na maji kinywani muda mrefu,
kama mtu anayetafuta jina la jirani aliyehama.
Akameza.
"Andika," akasema. "Andika: bado."