Namba Shingoni

Matanga yalipokwisha, na maturubai kurudi kwa wenyewe,
tulibaki na deni la jeneza, sufuria tatu za usharika,
na bunduki ya baba juu ya kabati,
imeviringishwa blanketi la kijivu.

Akaja Ndekirwa wa ng'ambo ya mfereji.
Kwanza alimaliza chai. Akasifia migomba.
Akasema ngedere wamemla mahindi yote kule chini,
na nguruwe pori, na marehemu alikuwa kama ndugu yake.
"Milioni na nusu, shemeji. Taslimu.
Tumalizane hapa hapa jikoni."

Akafungua gazeti. Noti zilinuka mbolea.

Mimi nilizitaka. Sitaficha.
Fundi wa jeneza alikuwa akipita kila Jumamosi
akijifanya anakwenda mahali pengine.

Mama ameuza mbuzi kwa neno tu,
ameuza mtamba kwa kushikana mkono barabarani,
na Kiboriloni sokoni hakuna aliyewahi kumpa risiti ya mkungu.
Lakini alishusha lile blanketi,
akavaa miwani ya marehemu, iliyolegea,
akaniambia: soma hapo, juu ya kifyatulio.

Tarakimu sita, zimechimbwa kwenye chuma.

"Mbuzi hana hizi," akasema.
"Mbuzi akichinjwa, zizi alikotoka linasahaulika.
Hii itakapolia, hata kama ni Holili, hata miaka kumi,
watakuja kugonga mlango huu
wamwulize Kundaeli.
Niwaambie nini? Yupo, amelala mgombani, mwamsheni?
Leseni ilikuwa yake. Si koti, nikakupimishe."

"Tangu lini jirani akaombewa ruhusa polisi?"
"Nenda kaombe. Wakikupa karatasi, rudi na karatasi."

Ndekirwa alikunja gazeti lake taratibu sana.

Kesho yake tuliteremka Moshi na mtendaji wa kijiji,
tukaketi kwenye benchi tangu saa tatu hadi saa nane.
Askari alifungua daftari pana kama meza,
akaandika jina la baba, akaandika namba,
akahesabu risasi: kumi na moja.
"Hapa zimeandikwa kumi na mbili."
Mama akatazama dirisha.
"Moja aliipiga juu, usiku wa wezi wa ng'ombe.
Hakulala wiki nzima."
Askari akaandika na hilo.

Deni tulilipa kidogo kidogo, kwa kahawa na kwa aibu.
Zamu yetu ya maji ikaanza kuchelewa mferejini,
na salamu nazo.

Kisha mwezi wa nne, usiku wa mvua,
mlio mmoja, ng'ambo.
Mbwa wote wa Kibosho wakaamka.
Nikazisema zile tarakimu gizani, moja moja, mpaka ya sita:
yetu iko ghalani kwa polisi, chini ya kufuli.

Upande wa pili wa ukuta mama naye alikuwa macho.
"Na hiyo ina namba," akasema.
"Kuna mlango mahali fulani, mwanangu,
na mwenyewe amelala."