Fungu la Arobaini na Moja

Salaspils, Januari. Theluji imefika dirishani
na mimi, Velta, nangoja tanuru lipoe.
Halipoi kwa kuambiwa. Nililizima saa tisa alasiri,
sasa ni saa tatu usiku, na bado linahema
nyuzi mia mbili na kumi.

Watu hudhani kauri ni sahani,
kigae cha bafu, birika la wageni.
Hii yetu ni kutu iliyosomeshwa:
chuma, manganisi, zinki ya ncha ya kijiko,
vikasagwa siku mbili usiku na mchana
hata Kalvis wa ghorofa ya chini akapanda kuuliza
kama tunatwanga mawe ya reli.
Nikamwambia ndiyo, kasoro treni.

Fungu la thelathini na nane liligandamana
kama uji uliosahauliwa.
La thelathini na tisa lilitoka laini, jeusi, la kupendeza,
nalo likaiangalia sumaku
kama mgeni anavyoangalia kibao cha lugha asiyoijua.
La arobaini nililiangusha mwenyewe.
Aivars hakusema neno. Alileta ufagio,
akasita, akaurudisha,
akaleta sumaku.

Kazi yenyewe naweza kuieleza hata sokoni:
chembe zinadungwa ndani ya uvimbe,
koili inageuza kaskazini kuwa kusini
mara laki moja kwa sekunde,
nazo, kwa kugeuzwageuzwa, zinapata moto.
Seli mbaya haziupendi moto.
Shida ni kwamba moto haujui neno *basi*.

Ndipo tukatafuta sumaku inayosahau.
Ikifika nyuzi arobaini na tatu
iache kuwa sumaku, iwe vumbi tu,
koili ipige kelele, yenyewe isisikie;
ikipoa kidogo, ikumbuke tena.
Miaka sita nimepima zinki nikiisemesha hivi,
kimoyomoyo, Dzintra asinicheke:

    Chemka, lakini koma,
    jua pa kurudi nyuma,
    usiigeuze nyama
    kuwa jivu la jikoni.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Bruklene,
mbwa mrefu kama soksi, uvimbe tayani,
akaletwa hospitali ya wanyama ya Jelgava ndani ya mkoba
na Zigurds, aliyeendesha tramu Riga miaka thelathini
na bado huketi kama mwenye usukani.
«Atahisi?» akauliza.
Atahisi joto.
«Joto kama la nini?»
Kama la kulala dirishani penye jua, nikasema.
Sikujua. Sijawahi kuwa mbwa, wala kuugua.
Akatikisa kichwa kama aliyepewa tiketi sahihi.

Uzi wa kioo ukapitishwa kando ya uvimbe.
Arobaini. Arobaini na moja, jina la fungu letu,
Dzintra akanikonyeza.
Arobaini na mbili.
Arobaini na tatu.
Akaongeza umeme.
Arobaini na tatu.
Akaongeza tena.
Arobaini na tatu.
Sikujua kwamba namba ikirudiwa
inaweza kumliza mtu mzima mbele ya wanafunzi.

Wiki iliyofuata Zigurds alipiga simu.
Nikaiacha ilie mara nne.
Alitaka tu kusema
kaiba ukoko wa mkate wa shayiri nyeusi, kautafuna.
«Upande upi?»
«Upande ule ule.»

Daktari anasema tungoje machipuko.
Mbwa mmoja si dawa.
Wala sikuambiwa bado tutawezaje kulivisha fungu hili
koti la kioo jembamba
ili damu ya mtu isilione jizi.
Hilo ni la arobaini na mbili, lililomo humu,
linalonichelewesha basi la mwisho.

Nje, mtu anapara theluji kwa sepetu.
Nyuzi mia na tisini.
Navaa glavu kabla ya wakati.