Kibaba cha Betri

Karasjok, Desemba. Jua limejiuzulu tangu mwezi jana.
Nje nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri;
ndani ya karakana, Risten-Elle na chuma cha kulehemu,
mkanda wa shingo ya reni,
kahawa iliyotoswa kipande cha jibini.

Mwaka jana alishindwa na joto.
Taa aliipa miliampea mia tatu na hamsini
kwa uchu wa mwanga, akaibandika juu ya plastiki tupu.
Ikawaka. Ikageuka samawati, kisha zambarau,
kisha karakana ikanuka ukucha ulioungua.
Kijitaa kidogo kuliko punje ya mtama!
Siku ile alijifunza: si kila moto hung'aa,
na ule usiong'aa nao hudai mlango wa kutokea.
Akaukatia bamba la alumini. Akapunguza uchu.

Mwaka huu ni baridi.
Taa inaipenda, inacheka nayo.
Betri imekunja mikono kwapani.
Ukiiuliza ikiwa imetulia, inajibu: volti tatu nukta sita.
Lakini redio ikiamka kuita setilaiti
volti zinaporomoka, mkanda unazimika,
unazaliwa upya, haukumbuki kitu, unaita tena,
unakufa tena,
usiku kucha.
Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo,
na haba na haba ndiyo iliyokikausha.

Reni watatu waligongwa na lori Novemba.
Mikanda yao ilikuwa giza.

Kaka yake Máhtte hajui miliampea.
Alikuja kuazima koleo, akasimama uani
na jike mzee aliyefungwa pale kwa majaribio,
akavua glavu, akapenyeza vidole chini ya koo la mnyama,
penye manyoya mazito, kama afanyavyo tangu utotoni.
"Betri umeiweka juu, ipigwe upepo," alisema.
"Huku chini kuna jiko."

Risten-Elle hakujibu. Aliweka kikombe.
Akageuza mkanda nje-ndani:
taa kwa theluji, betri kwa ngozi.

Sasa saa tisa za usiku, kwenye kioo cha simu,
nukta namba kumi na nne inavuka barabara.
Inamweka mara mbili, inanyamaza sekunde nne.
Imeamka, imeita, imeitikiwa.

Februari watamkamata yule jike
waone kama ngozi imechubuka.