Mstari wa Saba

Bwana Ambakisye alishika karatasi yangu ya makadirio
kwa vidole viwili, kama aliyeokota mkia wa panya.
"Hapa, mstari wa saba. Fimbo ya shaba na waya wa ardhi.
Vinawasha taa gani?"

Haviwashi taa.

"Pasi je?"

Wala pasi.

"Sasa nilipie kitu kisichofanya kazi?"

Mvua ya Tukuyu haikungoja jibu langu.
Ilipiga bati jipya mpaka tukasomana midomo.
Mjukuu akapita peku, matope hadi magotini,
akaenda kujisuuza palepale
nitakapofunga shawa ya umeme,
maana asubuhi za huku maji ya bomba yanauma mifupa.

Ilipolegea nikajaribu tena:
umeme ni kama maji ya mlimani, mzee,
usipouchimbia mfereji wake
utapita kwa yeyote aliyesimama njiani.

Akacheka. "Fundi wa Kiwira kaniambia laki na nusu,
na hakunihubiria."

Namjua fundi wa Kiwira.
Nimewahi kufungua ukuta aliouziba yeye:
waya wa spika, umeungwa kwa mfuko wa nailoni.

Chai ikapoa mkononi.
Nikapiga hesabu, ada ya Tumpale, kodi ya kibanda,
nikajaribu kumtoa yule mtoto peku kwenye sakafu yenye maji.
Hakutoka.

"Haya," nikasema. "Futa mstari wa saba."

Alhamisi alipokwenda mnadani
nikachimba nyuma ya migomba,
udongo mweusi, una unyevu hata kiangazi,
fimbo ikazama kwa nyundo ya kuazima
kama kisu kwenye ndizi mbivu.
Nikauvuta waya wa kijani na njano hadi kwenye bodi.
Fedha ilitoka kwenye ujira wangu.
Siku mbili nilirudi Katumba kwa miguu.

Hajui. Anaoga maji moto, anapiga mluzi,
anawasimulia watu alivyomkomesha fundi wa kike
na vikorombwezo vyake.

Wiki hii wamenipigia watano,
wote wa mtaa uleule,
wote wanataka bei ya Ambakisye.

Kumbe nilipoifukia fimbo
niliifukia na gharama yake.

Simu inatetemeka tena juu ya meza, karibu idondoke.
Ndaga, mama. Ndiyo, ni mimi.
Kabla hujasema bei,
una kalamu hapo?
Andika saba.