Mbuzi wa Nani

Chumba changu kilikuwa stoo ya ramani.
Moja ingali nyuma ya mlango, bara zima
limekunjwa, limefungwa utepe.
Kiyoyozi kinadondokea ndoo. Nimekizoea:
wasichana wengine huanza kusema
baada ya kuhesabu matone.

Jumapili, wiki ikifunguka, Ibra nzima hunijia mlangoni:
wa darasa la saba aliyemkata mwenzake nywele,
mapacha wasiosemezana tangu Idi,
na mmoja kaletwa na kikaratasi cha mwalimu wa hesabu:
*Huyu anacheka ovyo.*
Unacheka nini, mwanangu? Hata sijui, Abla, kinanijia tu.
Tukacheka wote wawili.
Hiyo nayo kazi, ingawa haina kisanduku
katika fomu ya wizara.

Thuweiba huja na tumbo.
Wiki ya tatu sasa. Muuguzi hakuona kitu,
kanisukumia mimi, kama wanavyonisukumia
kila kisichosomeka kwenye kipimajoto.
Mtandio mweupe. Viatu vimemzidi namba moja,
ili vifike mwakani.
Nyumbani? Tamam. Masomo? Tamam. Usingizi?
Akakawia.
Tone. Tone.

Sikumhimiza. Miaka kumi na tisa
imenifunza kunyamaza bila kutazama saa.
Nikamenya chungwa, nikampa pande.
Maji yakamwingia kidoleni, penye kijeraha:
"Aa, lanichoma!"
Akaziba mdomo, kama aliyevunja bilauri ya watu.

Nani kakufunza? nikamwuliza, kwa lugha hiyo hiyo
niliyokuwa nikiiacha garini kila asubuhi
pamoja na miwani ya jua.

"Bibi. Kafa mwezi wa Rajabu.
Baba anaielewa lakini hajibu. Mama haijui.
Nimemuota Bibi anatafuta mbuzi akune nazi,
jikoni kote, na kumbe mimi nimeikalia.
Nikamsimulia Mama kwa Kiarabu:
nimemkalia mbuzi.
Akauliza, mbuzi wa nani?"

Hakulia pale. Alilia baadaye,
alipokwisha kunieleza rangi ya kanga,
na ndizi zilizokuwa zikisubiri tui,
na Bibi aliyekuwa hana hasira, anatafuta tu.
Nami sikusema neno la hekima. Sikuwa nalo.
Nilimwambia: simama basi, umpe mbuzi yake.
Akanitazama. "Nikisimama, naamka."

Kengele ikalia.

Aina ya tatizo: masomo, tabia, afya, familia.
Kalamu ikazunguka visanduku vyote vinne.
Hatua iliyochukuliwa: *chungwa*,
nikafuta, nikaandika: *amesikilizwa*.
Jumapili aje, na tumbo au bila tumbo.

Jioni nikapekua kabati la chini, nyuma ya masufuria.
Ya mama yangu ipo. Meno yameshika kutu,
mguu mmoja umelegea.
Mume wangu akaita kutoka sebuleni: unatafuta nini?
Sikumjibu.
Nilikuwa nimeikalia.