Vistari Viwili Juu ya U

Keti, Csongor. Kiti hicho kina mguu mfupi,
usiegemee kushoto.
Kesho kutwa nastaafu, na kabla sijakukabidhi ufunguo
nina machache kuhusu kupanga kurasa kwa amri,
hapa Szeged, ambako baridi ya mto hupenya chini ya mlango
na printa hukohoa kunishinda mimi.

Ukifungua mabano, yafunge papo hapo,
ndipo urudi ndani kuyajaza.
Bano lililosahaulika ni mlango ulioachwa wazi usiku:
hutajua kilichoingia mpaka ukurasa wa tisini.

Mashine ikikufokea makosa mia na arobaini
panda juu kabisa, usome la kwanza.
Mengi yaliyobaki ni mwangwi wake.

Usiseme koleza, kuza, sogeza kidogo kulia.
Sema kitu ni nini: hiki kichwa cha sura,
hili jina la ndege, hii nukuu.
Mwonekano wake uamue mara moja, mahali pamoja,
na siku mwandishi akibadili nia (atabadili)
utagusa mstari mmoja, si kurasa mia tatu.

Picha usiisukume.
Niliwahi kukesha nikishindana na picha ya korongo;
ikatii, nikaongeza neno moja katika aya ya juu,
ikahamia sura nyingine, miguu mirefu na yote.
Iache ielee. Ipe jina, uitaje kwa jina,
kamwe usiandike "picha iliyo hapa chini".

Kati ya namba na kipimo chake weka kiwimbi,
visiachane mwisho wa mstari
kama ndugu waliogombania shamba.

Na endesha mara mbili. Mara ya kwanza mashine huhesabu,
mara ya pili huiamini hesabu yake.

Haya yote nilimfundisha mzee Gedeon Szűcs,
aliyewavisha ndege pete kando ya ziwa miaka thelathini na minane
akataka kitabu chake akiandike mwenyewe, kwa amri,
kwa vidole vilivyozoea kushika kitu kinachodunda.
Alinipigia simu saa moja asubuhi kuuliza mkwaju unalalia wapi.

Mwezi wa pili akafa, sura ya sita ikiwa nusu.
Nikatoa nakala ya majaribio, nikampelekea mkewe, Rozália.
Akairudisha kwa tramu, amezungushia duara jekundu
herufi moja tu, jaladani:
u yenye kikofia
badala ya u yenye vistari viwili.
"Huyu simjui," akasema. Chai hakuigusa.

Ndiyo maana nasema usimbaji wa herufi kwanza,
kabla ya pambizo, kabla ya ukubwa wa karatasi.
Mstari mmoja. Miaka ishirini na sita kazini, nikausahau.

Nikafungua faili lake kurekebisha.
Unaijua alama ya asilimia: yanayoifuata mashine huyaruka,
karatasini hayafiki. Nyuma yake nikakuta:
*Muulize Rozália, siku ya korongo mweusi
alivaa koti la kijani au lile la dada yake?*
Na chini: *Naitwa mezani. Nimalizie kesho.*
Na kwingine: *Ildikó amenikataza kusukuma picha.
Nimesukuma kidogo tu.*

Nikacheka, kisha nikaacha.
Ningeweza kufuta ile alama, maneno yakatoka.
Sikufuta. Kitabu kilikuwa cha ndege.
Ila nililichapa faili lenyewe, na amri zake zote,
na mabano aliyosahau kufunga,
kurasa mia nne kumi na moja,
nikambebea Rozália chini ya koti, theluji ikianguka.

Alisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mstari.
Ilichukua muda.
"La dada yake," akasema.

Haya. Ufunguo huu hapa.
Mlango uinue kidogo ndipo uusukume.
Huo unaruhusiwa kuusukuma.