Sentimita Ishirini

Barua ya daktari ina mistari mitano:
moyo usizidi mia na kumi kwa dakika,
pumzi isibanwe,
sukari ipimwe kabla na baada,
tahadhari asianguke,
upande wa kushoto, subira.
Neno hilo la mwisho kaliandika kwa mkono.

Saa kumi na mbili asubuhi, Al-Khoudh,
joto limeshaamka kabla yetu.
Mundhir anamshusha mama yake mlangoni,
gari halizimi,
"Mpandishe ile mashine ya kutembelea,
nimelipa miezi mitatu."
Namwitikia. Simpandishi.

Bi Raaya binti Hamduni, miaka sitini na tisa,
mzaliwa wa Wete, akaolewa Ibra, akafiwa Maskati.
Kiharusi kilimpitia usiku wa kuamkia Ijumaa,
kikamchukulia mkono, nusu ya tabasamu
na Kiarabu chote.
Kiswahili kilibaki.
Wajukuu wanasimama mbele yake
kama wageni waliokosa mkalimani.

Ndipo nikatafutwa mimi, binti wa Mabela,
niliyesomea misuli kwa Kiingereza
na Kiswahili nikakipata jikoni, kwa kukaripiwa.

Nampima: sita nukta nane. Sawa.
Tende mbili zimo mfukoni mwangu, ikishuka.
Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake:
mshipa unabisha hodi
kama mtu asiye na haraka ya kufunguliwa.

Siku ya kwanza nilimuuliza, kama tulivyofunzwa,
"Lengo lako nini?"
Akanitazama kwa jicho lile linalofumba vizuri.
"Kukalia mbuzi."
Nikadhani ugonjwa ndio unaosema.
"Mbuzi, we mtoto! Nikune nazi yangu mwenyewe.
Wananipikia unga wa pakiti."

Basi tukaanza kushuka.
Kiti cha ofisi, sentimita arobaini na tano:
kaa, simama, toa pumzi.
Wiki ya tatu, thelathini na nane.
Wiki ya saba, sanduku nililolipigilia misumari mwenyewe,
na goti la kushoto likitetemeka
kama kifuniko cha sufuria inayotokota.
Anayehesabu ni yeye. Sita hufuatwa na nane.
Saba haimo, sijui imekwenda wapi.
Simrekebishi. Kumi zake ni tisa zangu,
na moyo wake haujalalamika.

Ramadhani alilia, kakatazwa kufunga.
Daftari langu la siku ile linasema:
mapigo themanini na nane, mazoezi hakuna,
tumekaa.

Leo nimekuja na mbuzi ya mama yangu
ndani ya mfuko wa dobi.
Meno nimeyafunga kitambaa.
Nimeiweka juu ya mkeka wa mpira,
nimesimama kushoto kwake,
mikono yangu karibu, haimgusi.

Anashuka.
Ni muda wa kusoma Fatiha
kwa mtu asiye na papara.
Anafika.

Nazi hatuna. Anainama vivyo hivyo,
mkono wa kulia unakuna hewa,
na ule wa kushoto,
ambao tangu Machi haujajibu salamu,
unakuja, kidole kwa kidole,
unashikilia kifuu kisichokuwepo.

Mia na nne.
"Basi, tusimame," namwambia.
"Ngoja," anasema. "Bado tui."